Rovu la Kunigunda

Tasiana Kihwele alipoingia jikoni asubuhi hiyo, alikuta yeye mwenyewe ameshafariki.

"Amekufa usingizini, mdomo wazi," Kunigunda Nyoni alikuwa akiwatangazia wapishi wenzake, mwiko mkononi, kwa ile sauti yake nene iliyofika mpaka wodi ya mwisho. "Tumemzika upesi upesi kabla mvua haijaanza. Kwao Iringa tulituma habari, wakajibu kwamba wana shughuli."

Wapishi wakavunjika mbavu. Tasiana akavuta kigoda, akakaa, akajimiminia uji.

"Nimefika huko nikarudishwa," alisema. "Wameniambia nije na wewe, Mngoni. Kuna masufuria yamejaa masizi na hakuna wa kuyasugua."

"Weka uji wangu chini. Maiti hali."

"Maiti wa Kihehe anakula. Ninyi ndio mnaokufa na njaa kwa uvivu."

Ndivyo walivyosalimiana miaka yote waliyofanya kazi pamoja. Shikamoo haikuwahi kupita kati yao, ingawa kwa umri Kunigunda angeweza kabisa kuwa mama yake Tasiana. Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zao walipigana vita vikali, kila upande ukasema umeshinda na hadi leo unasema hivyo, na walipochoka kuzikana wakaona afadhali watukanane. Mgeni asiyejua mambo angewasikia wawili hawa akakimbia kuita polisi.

Kituo chao kilikaa juu ya kilima nje ya mji wa Songea, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia uvimbe. Kilikuwa kimeufanya utani kuwa sehemu ya tiba. Kila mgonjwa alipewa mtani wake miongoni mwa wafanyakazi, na habari nzito zilipelekwa na huyo mtani, si na daktari wala ndugu. Ndugu huanza kulia kabla habari haijaisha. Daktari husema maneno makavu, akatazama saa, akaondoka. Mtani huketi kitandani mwa mgonjwa bila kukaribishwa, akamwambia ukweli wote bila kuuvisha nguo, kisha akamtania taratibu mpaka mgonjwa apate tena pumzi. Wakaguzi waliotoka makao makuu walicheka mara ya kwanza. Mara ya pili walikuja kujifunza.

Kunigunda alipoota uvimbe shingoni, mkubwa kama limau, watu walisema ni rovu tu, kama yale waliyokuwa nayo bibi zao huko milimani. Hakuna aliyejiuliza mtani wake atakuwa nani. Kipimo cha sindano kilionyesha seli zinazofanana kabisa na seli za kawaida za tezi ya shingo, na Tasiana akaipeleka habari hiyo jikoni akicheza ngoma katikati ya majiko.

"Uvimbe wako ni Mngoni kamili," aliimba. "Umekaa tu, hauendi popote."

Kunigunda alicheka hadi akamwaga mchuzi. Lakini Tasiana alijua, na alipaswa kujua kwa kuwa ndiyo kazi yake, kwamba kwa tezi ya shingo sindano peke yake haitoshi. Walinzi, chembe alizozilea yeye mwenyewe, walikuwa wamepelekwa kuuangalia uvimbe ule kwa msimu mzima. Leo ndiyo siku ya kuwasikiliza.

*

Kitalu kilikuwa chumba chenye joto nyuma ya maabara, na humo Tasiana naye alikuwa mpishi kwa namna yake. Alichukua damu ya mgonjwa, akatenga chembe alizozitaka, akazilea ndani ya mitungi ya vioo kwa mchuzi wa sukari na chumvi, akazifundisha harufu ya kile zilichotakiwa kukitafuta. Zilipoiva ziliitwa walinzi. Zilirudishwa mwilini kwa sindano, zikasafiri zenyewe mpaka kwenye uvimbe, zikauzunguka na kuchutama hapo zikitazama. Kila mlinzi alitoa mnong'ono mdogo sana, na minong'ono hiyo ilidakwa na sikio, kipande laini kilichobandikwa juu ya ngozi ya mgonjwa. Kunigunda alilificha lake chini ya mtandio na kuendelea kukaanga vitunguu.

Wagonjwa walipomuuliza Tasiana tofauti ya uvimbe na uvimbe, aliwaeleza kwa habari za majirani. Kuna jirani anayejenga kwake. Anaongeza banda, anaongeza choo, siku nyingine anausukuma ukuta wako mpaka unapata ufa, lakini ana uzio wake na hatoki nje ya uzio huo. Wanawe wanafanana naye. Ukimhamisha na uzio wake, habari yake imekwisha. Huyo si saratani, ingawa Tasiana hakuwaacha wamdharau, maana jirani wa namna hiyo akijenga ndani ya fuvu la kichwa, mahali pasipo na nafasi, anaweza kukuua pamoja na upole wake.

Halafu yupo jirani asiye na mpaka. Anaingia nyumbani kwako na kula chunguni mwako. Wanawe hawafanani na mtu yeyote, wamesahau ukoo, kazi yao ni kuzaana tu, na wakubwa wao wanashika njia za damu na njia za maji ya mwili, wanakwenda kujenga kwingine: mapafuni, kwenye ini, mifupani. Unamfukuza huyu aliye hapa, kumbe watoto wake walishaondoka zamani.

Taabu ya tezi ya shingo ni kwamba majirani hawa wawili wakati mwingine huvaa nguo zilezile. Unaweza kuitazama seli moja moja chini ya hadubini usione tofauti. Tofauti iko kwenye uzio: umevunjwa, au bado upo?

Tasiana akavaa vipokea sauti na kufumba macho. Uvimbe mpole husikika kama friji la chumba cha pili, mlio mmoja usiobadilika, mpaka msikilizaji anasahau kwamba anasikiliza. Mwanzoni ndivyo alivyousikia. Nyuma ya mlio, kupitia nyama ya shingo, aliisikia pia sauti ya Kunigunda mwenyewe akimgombeza mtu kwa sababu ya chumvi. Tasiana akatabasamu.

Kisha akalisikia pengo. Upande wa ndani, karibu na koo, mlio ulikatika, kama walinzi wa hapo wamesukumwa wakapoteza mahali pao pa kukaa. Akaongeza sauti. Kutoka mbali, chini kabisa, ikaja minong'ono michache iliyotawanyika. Mlinzi haachi kazi; seli ikitoroka, humfuata mtoro mpaka pale atakapotua. Hawa walikuwa wakinong'ona kutoka kwenye pafu la kushoto.

Alisikiliza tena na tena, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea. Akavua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akalia.

*

Dakta Urio alisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kusafisha miwani yake anapokosa la kusema, na sasa aliisafisha kwa muda mrefu.

"Tuwageuze walinzi wawe wakali," alisema mwishowe. "Tukiwapa amri, wataula uvimbe wote na watoro wote. Atapona, Tasiana. Nina hakika kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika."

"Na sauti?"

"Uvimbe umeikumbatia mishipa ya fahamu ya sauti, kulia na kushoto. Wakali hawachagui. Atakula, atapumua, atatembea. Kusema, hapana."

"Na ule uzio wa kufuma?"

Daktari akarudisha miwani machoni. Walinzi wafumaji walikuwa jambo jipya. Hawakuua uvimbe, walikaa wakiufumia uzio mpya, wakaulazimisha uishi kama jirani mwenye adabu, wakawala watoro mmoja mmoja. Lakini wafumaji huchoka. Hutakiwa wengine kila mwezi, maisha yote, kutoka kwenye damu changa, na ya Kunigunda ilikuwa imekwisha kuzeeka kwa kazi hiyo. Lazima ipatikane ya mtu mwingine, inayokubaliana naye, na huchotwa ndani ya mfupa wa nyonga.

"Wanawe?" Dakta Urio aliuliza.

"Mmoja Mwanza. Mwingine kwenye mitambo ya chumvi, katikati ya bahari."

"Basi. Na hata wangekuwepo, hakuna anayejua uzio huo unadumu kiasi gani. Unaweza kuvunjika mwakani. Wakali ndio njia. Ila walinzi wake wanazeeka, kesho adhuhuri watakuwa wamekufa, na kulea wengine kutokana na damu yake ni msimu mwingine mzima. Nenda kamwambie sasa hivi."

Damu ya Tasiana mwenyewe ndiyo iliyotumika kujaribia mitungi mipya pale kitaluni, kwa sababu ilikubaliana na karibu kila mtu. Alilijua hilo, na daktari pia alilijua, lakini hakumtazama. Tasiana aliwahi kuona ile sindano ya mfupa ikiingia, akamwona mtu mzima mwenye ndevu akimwita mama yake. Akatoka bila kusema kitu kuhusu damu yake.

*

Sheria ilitaka mambo mawili: mgonjwa aambiwe na mtani wake, na akubali kwa sauti yake mwenyewe. Tasiana aliingia jikoni na kinasa cha idhini mfukoni, kifaa kidogo kisichozidi sabuni ya kuogea, ambacho huwaka taa ya kijani kikisikia kwamba mgonjwa ameelezwa na ameridhia.

"Kunigunda," alisema. "Uvimbe wako ni saratani. Umevunja uzio. Umeshafika kwenye mapafu."

Kunigunda akaacha kukoroga, akamtazama toka utosini mpaka miguuni, kisha akaachia kicheko kilichotikisa mifuniko.

"Jamani, njooni mwone, leo Mhehe amejifunza kutania. Miaka yote nilikuwa namfundisha."

"Nasema kweli."

"Wewe umewahi kusema kweli lini? Juzi ulisema mume wangu ameoa."

"Kunigunda, nisikilize. Tuna walinzi wakali. Wataula uvimbe wote, lakini wataila na sauti yako. Hutasema tena."

"Sauti yangu! Si ndiyo mnayoitafuta Wahehe tangu vita vile. Mlishindwa kwa mikuki, sasa mnakuja na sindano." Wapishi wengine walikuwa wameshikilia meza kwa kucheka. "Haya, nimekubali. Waambie wale washibe. Wakimaliza, wale na haya masufuria, nimechoka kuyasugua."

Mfukoni mwa Tasiana kinasa kikatetemeka kidogo. Hakuhitaji kukitoa kujua kimewaka rangi gani.

Akafungua mdomo aseme tena kwamba si utani, naapa, haki ya Mungu, akakumbuka kwamba hayo yote alishawahi kuyasema pale pale jikoni, kwa uso huohuo mkavu, kuhusu nyoka kwenye gunia la mchele na kuhusu kifo cha kila mmoja wao. Wagonjwa wengine walipewa watani ambao hawakuwahi kukutana nao; walikuja kutaniana baada ya habari, si kabla. Hakuna mtu kituoni aliyefikiria itakuwaje kwa wawili ambao utani wao ulikuwa umekomaa kuliko ugonjwa. Tasiana akageuka na kuondoka, na kicheko kikamsindikiza mpaka mlangoni.

*

"Kijani," alisema Dakta Urio. "Vizuri."

"Hakuelewa. Amecheka."

"Watu hucheka wakipata habari kama hizi. Nimeona mmoja akiimba."

"Daktari, alidhani ninamtania."

Dakta Urio hakujifanya kushangaa. Alimwonyesha kiti, naye akaketi. "Sikiliza. Aliambiwa kila kitu, kwa maneno yaliyo wazi, na mtu ambaye sheria inamtaka amwambie. Akajibu. Kesho asubuhi nampa amri mlinzi wa kwanza, na yule mama anaishi. Ukirudi ukamwambia upya, ataogopa. Akiogopa anaweza kukataa. Akikataa atakufa, na atakufa vibaya, unajua zinavyokwenda hizi za mapafu. Nikiwa na nafasi ya kumponya bila kumwonjesha hofu hata siku moja, niiache?"

Kibaya ni kwamba Tasiana alitaka kukubali. Alimwona Kunigunda akiamka kitandani, akishika koo, akijua, akimtupia kila kitu kilicho karibu. Alimwona akimchukia kwa miaka ishirini, thelathini, yu hai na mnene vilevile. Angeweza kuubeba mzigo huo. Kwa kweli aliutamani.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," alisema.

"Mpaka saa nne. Baada ya hapo walinzi hawatakuwa na nguvu."

*

Nyumba ya Kunigunda ilikuwa bondeni, chini ya kituo. Tasiana alishuka jioni, jua likiwa bado juu, akajiambia anakwenda kumwangalia tu.

Gaudens, mume wa Kunigunda, alikuwa amekaa barazani akimenya maharage mabichi. Macho yalishamwacha. Wanawe walimletea miwani inayomnong'oneza mtu kila kilicho mbele yake, akaivaa siku moja, akaivua akisema ina adabu kupita kiasi. Alitumia kitu kingine. Kunigunda alikuwa ndani, akimwangalia kupitia dirisha na kumwongoza kwa sauti.

"Kulia kwako, baba Emeriki. Si hapo, hapo unawatupia kuku. Rudi kidogo. Hapo hapo."

Maganda yakaangukia kwenye ndoo.

"Kikombe chako kiko karibu na goti. Usikipige teke kama cha jana, vikombe sizai mimi."

Mzee akacheka, akapapasa, akakipata. Alikunywa akiwa ameelekeza sikio dirishani, uso umetulia. Tasiana alisimama nje ya uzio wa michongoma akamtazama. Akaona aibu. Alikuwa amehesabu kila kitu kuhusu ile sauti isipokuwa watu wanaoishi ndani yake.

Akaingia kwa mlango wa nyuma. Kunigunda alimwona na kufungua mdomo, bila shaka kumuuliza amefufuka saa ngapi, lakini Tasiana akawahi kupiga magoti kwenye sakafu ya jikoni.

"Shikamoo, mama."

Mwiko ukabaki juu ya sufuria.

"Marahaba," alisema Kunigunda, polepole. Akazima jiko. "Kwa hiyo ya asubuhi..."

"Yalikuwa ya kweli."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na mapafu?"

"Na mapafu. Na sauti."

Kunigunda akaketi juu ya gunia la unga.

"Kuna nini humo?" Gaudens aliita kutoka barazani.

"Hakuna kitu, baba Emeriki. Mhehe ameleta njaa zake." Sauti ilikatika mwishoni, naye akaziba mdomo kwa kanga.

"Pale niliposema nimekubali," Kunigunda alinong'ona. "Mngefanya?"

"Kinasa kimeruhusu. Daktari ana haki."

"Sikuulizi daktari. Wewe ungefanya?"

"Nilitaka," Tasiana alisema, na machozi yakaanza kumtiririka bila kujificha. "Nilitaka uwe hai, hata ukinichukia."

"Ningekuchukia."

"Najua."

"Yule pale anaishi kwa kunisikia. Asubuhi nisipoongea, hajui kama kumekucha."

"Tunaweza kuitengeneza sauti yako. Kuna visanduku siku hizi, vinasema kama mtu mwenyewe, vitamwongoza..."

"Akimwaga chai, kisanduku kitamkasirikia?"

Tasiana akafikiri. "Hapana."

"Basi si mimi." Akajifuta macho. "Hakuna njia nyingine hata moja katika sayansi yenu yote hiyo?"

Hapo Tasiana akamweleza habari ya wafumaji. Alieleza vizuri, bila kuremba: kwamba hawaponyi, wanazuia, kwamba uzio unaweza kudumu miaka mingi au ukavunjika mwakani, kwamba inatakiwa damu changa ya mtu mwingine, kila mwezi, kutoka mfupani. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameamua kusema kweli siku hiyo, akasema na ile iliyokuwa imebaki. "Damu yangu inafaa. Nilijua tangu asubuhi. Niliogopa sindano, nikanyamaza."

Kunigunda akamtazama. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini pembeni pa mdomo pakaanza kuchezacheza kitu ambacho Tasiana alikifahamu sana. Mtani haombi. Mtani akikipenda kitu chako hukibeba, nawe ruhusa yako ni kutukana tu. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna hakimu aliyewahi kuisikiliza kesi ya namna hiyo.

"Naichukua," alisema Kunigunda.

"Nini?"

"Hiyo damu. Nimeshaichukua. Piga kelele ukitaka."

Tasiana akacheka katikati ya machozi, kicheko kibaya chenye kamasi. Lakini Kunigunda hakucheka naye. Aliinama, akamshika mikono yote miwili, na alipoongea tena hakukuwa na mtani ndani ya sauti yake.

"Huo ulikuwa utani. Sasa nakuuliza kama mama anavyomuuliza mtoto wake, na usinijibu kwa kunionea huruma. Ni mwili wako, na ni maisha yako yote. Ukikataa, kesho nitapanda kilima nitawaita hao wakali mimi mwenyewe, nami sitakuwa na neno nawe. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Hujacheka?"

"Sijacheka."

"Haya. Unakubali?"

Tasiana aliufikiria ule mfupa. Aliufikiria kila mwezi wa maisha yake, na safari za mbali ambazo hatakwenda, na yule mtu mwenye ndevu aliyemwita mama yake. Hofu haikupungua hata kidogo.

"Nakubali," alisema.

*

Kunigunda alipanda mwenyewe asubuhi, akakishika kinasa kwa mkono wake na kuiondoa ile idhini. Dakta Urio alimweleza tena hatari zote, kwa sababu alikuwa daktari mwaminifu na kwa sababu alikuwa na huzuni. Kunigunda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeambiwa mara mbili, mwanangu," alisema. "Mara ya pili nilisikia. Uzio ukivunjika, umevunjika, nitakuwa nimeongea mpaka siku hiyo."

Sindano ya mfupa ilikuwa kama Tasiana alivyoikumbuka, na zaidi. Kunigunda alisimama kichwani pake akimtukana ukoo mzima, babu kwa babu, ili asipate nafasi ya kuisikiliza nyonga. Damu changa huiva upesi, na kabla ya wiki kwisha mitungi ya kitaluni ilikuwa imejaa wafumaji.

Siku ya kuwaingiza, Gaudens alipandishwa kilimani na gari la kituo, lile lisilo na dereva, akaketishwa kando ya kitanda. Alikuwa ameambiwa yote. Alishika mkono wa mkewe kwa mikono yake miwili. Tasiana, nyonga bado ikimuuma, alichoma sindano, akalibandika sikio jipya, akaifungulia sauti ijae chumbani ili wote wasikie.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha ukaja mnong'ono mmoja, mwingine, kisha kundi, wakihangaika huku na huko kama wageni waliofika mtaa wasioujua.

"Ndio hao?" Gaudens aliuliza.

"Ndio hao," alisema Kunigunda. "Wahehe. Wameingia, baba Emeriki. Wananizunguka shingo yote. Mababu zetu wakisikia, watakufa mara ya pili."

"Ni wengi?"

"Wengi mno. Sikujua kama wamebaki wengi hivi."

Minong'ono ikaanza kupangana. Mmoja alitulia, wa pili akatulia karibu yake, na kutoka upande wa ndani, pale palipokuwa na pengo, mlio ukashonana taratibu, ukarudi kuwa mlio mmoja mwembamba. Tasiana aliusikiliza kwa mwili wote. Haukuwa uponyaji. Mwezi ujao atalala tena juu ya meza ile, na mwezi ule mwingine, na hakuna mtu duniani aliyejua mpaka lini. Lakini kwa sasa ulikuwa umeshika, naye alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani.

Gaudens akauachia mkono wa mkewe. Akapapasa juu ya shuka, begani, akaipata shingo, akaweka kiganja chake chepesi juu ya ule uvimbe. Akainama mpaka midomo yake ikakaribia kuugusa, akasafisha koo kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake kwa watu waliotoka mbali.

"Karibuni," alisema. "Poleni na safari. Mkae sana."